UZI: Mwimbaji mkubwa wa roki jukwaani hufanya kazi kwa sikio kabla ya koo

Fundi wa Mitambo, Malindi (mleta uzi)

Wadau, salamu kutoka Malindi.

Mijadala yetu ya waimbaji wa roki huishia pale pale siku zote: nani anapanda juu zaidi, nani ana oktava ngapi, nani anashikilia ukelele mrefu kumshinda mwenzake. Vipande vya video vinatumwa, watu wanarushiana maneno, kisha kimya. Mimi kazi yangu ni kufunga vyombo na kukaa kwenye miksa, yaani meza ya kurekebisha sauti: harusi, hoteli za ufukweni, na mara moja moja bendi ya roki iliyoshuka kutoka Nairobi. Nimesikia makoo mazuri yakizama jukwaani, na nimesikia sauti za kawaida kabisa zikiushika ukumbi mzima. Tofauti yao mimi naiona kwenye sikio. Mwimbaji mkubwa huku anaimba anasikia ngoma, anasikia ukumbi, anasikia umati na anaisikia pumzi yake mwenyewe, na kila mstari anaamua upya atoe kiasi gani. Nataka niitetee hoja hii kwa mapana.

Nianze na mzaliwa wa pwani yetu. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Akasoma bweni India, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya mapinduzi. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid uwanjani Wembley, bendi yake ya Queen ilipata dakika kama 21 mbele ya watu wapatao 72,000. Wengi wetu tumeiona ile sehemu aliyosimama na kile kipande cha mlingoti wa maiki, akawarushia watu sauti tupu, nao wakamrudishia.

Sasa iangalieni kwa jicho la fundi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani anaipata baada ya theluthi ya sekunde hivi, na jibu lake linataka theluthi nyingine kurudi kwa mwimbaji. Maana yake umati wa uwanja mzima hauwezi kuimba sawasawa na ngoma. Kila safu iko nyuma ya safu iliyo mbele yake. Mwimbaji asiyejua hili hukimbizana na watu, au huvutwa na watu mpaka bendi nzima inalegea. Freddie pale hakuwa na ngoma ya kumsukuma. Alirusha mstari, akangoja jibu lote lifike na litue, ndipo akarusha mwingine. Alianza na kifupi ambacho hata mlevi wa safu ya mwisho angekiweza, akarefusha, akapandisha, akapindapinda, na kila mara anapima: wamenipata? Wamenipata. Haya, ongeza. Ile haikuwa kuonyesha sauti. Alikuwa anawasikiliza watu 72,000 kwa wakati mmoja.

Watu wa Lamu hili halitawashangaza. Kwenye vugo la harusi, kina mama wanagonga pembe za nyati, kiongozi anatupa ubeti na wenziwe wanaupokea. Kiongozi hodari anajua ni lini waitikiaji wamechoka na ni lini wana hamu ya kuendelea. Hajui kwa kubahatisha, anawasikia.

Jambo la pili kwa Freddie mashabiki wengi hawapendi kuambiwa: jukwaani alizikwepa noti nyingi za juu alizokuwa ameziimba studio. Sikilizeni We Are the Champions ya santuri, kisha msikilize za jukwaani. Panapopanda sana, mara nyingi anashuka na kujitengenezea njia ya chini, na zile noti za juu kabisa za Queen anamwachia mpiga ngoma, Roger Taylor. Aliwahi kusumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti, na kesho yake kulikuwa na onyesho jingine. Mwaka 2016 Christian Herbst na watafiti wenzake wa Ulaya walichapisha uchunguzi wa sauti yake: kwa sauti ya kuzungumza alikuwa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, na mtikisiko wake wa kuimba ulikuwa wa kasi, mara 7 na kidogo kwa sekunde. Yule tunayemsifu kwa kupaa alikuwa mtu wa sauti ya kati aliyejua kila noti inamgharimu nini, akailipia pale tu inapostahili.

Mpenzi wa Gitaa, Lamu

Kaka, nimekusoma na nakuheshimu, lakini hapo kwenye noti za juu sikubali. Roki bila kile kilio cha juu ni nini? Nikilipa kiingilio kumwona Bruce Dickinson wa Iron Maiden, sitaki anikwepeshee chochote. Nataka nisimame nywele. Ukisema sikio ni bora kuliko koo unawapa waimbaji wavivu pa kujifichia.

Fundi wa Mitambo, Malindi

Ndugu yangu, Dickinson ndiye shahidi wangu mkuu, umenisaidia kumleta. Mapema mwaka 2015 ilitangazwa kwamba amekutwa na saratani kwenye shina la ulimi. Mwezi Mei akaambiwa amepona. Album mpya ilikuwa tayari, mashabiki wanangoja, lakini ziara haikuanza mpaka 2016, naye huyo akairusha mwenyewe ile Boeing 747 iliyobeba bendi na vyombo. Mtu wa ukelele mkubwa namna ile aliujua muda wa kukaa kimya. Kisha mtazame akiwa jukwaani: anapanda majukwaa, anakimbia upande huu na huu, lakini kabla ya mstari mgumu utamwona amesimama, miguu imeachana, kifua kimefunguka. Amejitayarishia nafasi. Kile kilio unachokilipia kimeandaliwa mistari minne kabla.

Na Ronnie James Dio, mwimbaji wa metali, yaani roki nzito, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, alisema mara nyingi kwamba pumzi yake aliipata kwenye tarumbeta aliyoipiga tangu utotoni. Tarumbeta inakufundisha kugawa hewa kwa urefu wa sentensi. Mwimbaji anayevuta pumzi kubwa kabla ya kila neno tayari amekosa hesabu, na mwisho wa wimbo anaimba kwa shingo. Nikiwa kwenye miksa naona mishipa ya shingo imesimama, najua nyimbo tatu zijazo sauti inapwelea.

Kwa hiyo sijasema koo halina kazi. Koo bovu halisaidiki. Nasema makoo mazuri ni mengi kuliko waimbaji wakubwa, na hiyo tofauti inataka maelezo.

Mzee wa Langoni, Lamu

Mwanangu, nyote mnazungumza habari za maiki na mitambo. Siti binti Saad aliimba bila spika, na watu walijaa. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti ilikuwa tayari imekomaa kwa kuimbia watu ana kwa ana. Bi Kidude naye, Mungu amrehemu, alikuwa mkongwe kabisa, akijifunga ngoma yake na kuimba, unamsikia bila kifaa chochote. Hawa wa roki mkiwazimia umeme wana nini?

Fundi wa Mitambo, Malindi

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, mimi namhesabu pamoja na wakubwa wa aina hii ninayoizungumzia. Ile sauti ilikuwa na mikwaruzo, imechakaa, na haikujali kupendeza. Na alijua kuiachia pumzi iishe wazi mbele ya watu bila kuona haya. Vijana wa roki wanatafuta mkwaruzo ule maisha yao yote.

Lakini mzee, ukiweka ngoma kamili za kizungu na magitaa mawili ya umeme nyuma ya mtu, hata angekuwa nani hasikiki bila maiki. Ndiyo maana nasema maiki ni chombo kama gitaa na inajifunzwa. Hebu nieleze kidogo, kwa sababu nyimbo nyingi huharibikia hapa.

Ile maiki ya jukwaani mnayoiona kila mahali, Shure SM58, ipo tangu 1966. Imetengenezwa isikie zaidi mbele na isikie kidogo sana nyuma, ili isivute sauti ya spika. Ukiileta hadi midomoni, besi inaongezeka, sauti inanenepa; ukiisogeza mbali, inakonda. Mwimbaji anayejua hutumia hilo: maneno ya chini anayasema mdomo umegusa wavu wa maiki, na kilio kinapokuja anaiondoa kiganja kizima. Amejipunguza mwenyewe kabla sijagusa kitu. Asiyejua anakaa pale pale kwa mnong'ono na kwa ukelele, kisha anashangaa kwa nini maneno hayasikiki na ukelele unaumiza watu.

Na lile pozi la kukishika kichwa cha maiki kwa kiganja, jamani, liacheni. Ukifunika yale matundu ya nyuma, maiki inaanza kusikia pande zote, inaikuta spika, na hapo ndipo inapiga mluzi. Lawama anapewa fundi.

Dada wa Kwaya, Malindi

Kaka, sisi kwaya yetu tumeimba miaka na miaka kanisani vizuri kabisa. Tukialikwa nje, kwenye viwanja, sauti zinakauka nusu ya programu. Watu walewale, nyimbo zilezile. Hili linahusiana na hayo unayosema, au ni upepo?

Fundi wa Mitambo, Malindi

Dada, linahusiana sana, na ndiko nilikokuwa naelekea.

Mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kanisani kuta zinakurudishia sauti yako, unajisikia, unatosheka. Uwanjani hakuna kinachorudi. Sikio linadhani husikiki, koo linaongeza, na kwa dakika 40 umekuwa unapiga kelele huku ukidhani unaimba.

Hapa kwetu nawaona waimbaji kwenye mahali pa aina tatu, na kila pahali panawadanganya kivyake. Ua wa nyumba ya mawe Lamu, kuta za matumbawe na chokaa, unarudisha kila kitu. Mwimbaji anajisikia mkubwa, anakuwa mvivu wa maneno, na konsonanti zote zinapotea kwenye mwangwi. Chini ya makuti sauti inamezwa. Makuti hayarudishi kitu, panakuwa pakavu, na kila kasoro inasikika. Ufukweni wazi ndiko kubaya zaidi: mawimbi yanavuma, upepo unaichukua sauti ya spika na kuipeleka kwingine, na mwimbaji yuko peke yake. Mwimbaji wa roki anayezunguka dunia anakutana na haya yote ndani ya wiki moja, kwa sauti kubwa mara nyingi zaidi.

Ndiyo maana mfano unaonigusa kuliko yote ni Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC. Aliingia mwaka 1980 baada ya mwimbaji wao, Bon Scott, kufariki, akaimba kwa ule mkwaruzo wa juu kabisa kwa miaka zaidi ya 30. Watu wote tulingoja koo limwangushe. Mwaka 2016 madaktari walimwambia aache viwanja au aingie hatarini ya kuwa kiziwi kabisa. Koo lilikuwepo, masikio ndiyo yaliyomtoa. Ziara ikamaliziwa na Axl Rose wa Guns N' Roses, ambaye maonyesho ya kwanza aliyaimba ameketi kwa sababu ya mguu uliovunjika, na alifanya kazi nzuri, nasema hivyo kwa haki. Johnson akarudi kwenye album ya 2020, na kwenye viwanja tangu 2023, kwa msaada wa vifaa vya kumwezesha kusikia. Mwimbaji wa kiwango kile bila kusikia hakuwa na namna ya kuimba, na yeye mwenyewe alikubali kusimama.

Na nitawapa mmoja wa hapa hapa, jina nalihifadhi. Binti wa bendi ya hoteli, anaimba nyimbo za watalii na za roki za zamani, sauti yake ya wastani tu. Usiku mmoja chini ya makuti mpiga ngoma alikuwa na hasira zake, anapiga kama anabomoa. Gitaa likapanda kumfuata, besi nayo. Nilikuwa napunguza kila chombo kwenye miksa na haikusaidia, maana ngoma zenyewe bila maiki zilikuwa zimejaa banda. Mwimbaji mwingine angepiga kelele kuwashinda. Yule binti aliwapa wageni mgongo, akasogea mpaka mbele ya ngoma, akaimba mistari miwili akimtazama kijana machoni, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. Kijana ikabidi ashuke ili amsikie. Gitaa likashuka. Akageuka, akangoja nusu kipimo, akaachia kiitikio chote. Wageni waliweka uma chini. Noti yenyewe haikuwa ya juu hata kidogo.

Mpenzi wa Gitaa, Lamu

Hiyo ya binti imenikaa. Lakini nijibu mawili. Wanaounguruma na kukwaruza, wale wa metali kali, sikio linawasaidia nini? Na la pili, bendi zinazoshusha ufunguo wa wimbo, yaani kuuimba wote chini zaidi, au zinazopitisha kanda iliyorekodiwa, si ni kutuibia?

Fundi wa Mitambo, Malindi

Anayeunguruma vizuri hatumii nyuzi za sauti zenyewe kwa nguvu. Anatikisa vile vikunjo vilivyo juu yake, na hewa inayopita ni ndogo kuliko unavyodhani. Maiki ndiyo inayoifanya kuwa kubwa. Anayelazimisha ukali kwa kusukuma hewa nyingi ndiye anayetoka damu. Nairobi walitokea Duma, waliotoa album yao mwaka 2020, na mwimbaji wao Martin Khanja alipiga ukelele juu ya mashine zilizokwenda kasi ya kutisha. Msikilize anavyoingia na kutoka kwenye mapigo. Ukelele usio na wakati ni makelele ya sokoni.

Kushusha ufunguo mimi sioni wizi. Guns N' Roses gitaa zao ziko chini nusu toni tangu album ya kwanza. Mtu wa miaka 60 anayeshusha wimbo wa ujana wake amejisikia na amewaheshimu wasikilizaji. Jeraha moja linaweza kufunga kazi nzima: Steven Tyler wa Aerosmith aliumia zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, jukwaani Septemba 2023, na Agosti 2024 bendi ikatangaza kuacha ziara kabisa.

Kanda ni habari nyingine, na hapa nakaribiana na wewe. Queen walipofika sehemu ya opera ya Bohemian Rhapsody, yale masauti yaliyorundikwa studio, walitoka jukwaani na kuiacha kanda icheze, kisha wakarudi na gitaa. Hawakumdanganya mtu. Anayefungua mdomo huku kanda ikimwimbia amewadanganya watu waliolipa nauli kuja kumsikia, na hilo linaniudhi sana, kwa sababu mimi ndiye ninayeombwa niibonyeze.

Dada wa Kwaya, Malindi

Na kucheza? Wengine wanaruka mpaka unajiuliza pumzi wanatoa wapi.

Fundi wa Mitambo, Malindi

Tina Turner, dada. Januari 1988, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, watu karibu 180,000, viatu vya kisigino kirefu, na anacheza toka mwanzo. Mtazame miguu: hatua ndogo ndogo za haraka, kiwiliwili cha juu kimetulia. Panapokuja mstari mrefu anasimama, wanapokea wachezaji wenziwe. Mwendo wake wote umepangwa kuzunguka pumzi. Kuna wanaomkataa kwenye roki, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya mavazi.

Kijana wa Shela, Lamu

Wakubwa wangu, nimesoma uzi wote. Tuna bendi ndogo, tunapiga nje karibu na maji, upepo mtupu. Spika moja ya monita, ile ya kunirudishia sauti yangu. Mimi ndiye mwimbaji na wimbo wa nne nimeshapwelewa. Nifanye nini wiki hii, kabla sijajifunza hayo yote?

Fundi wa Mitambo, Malindi

Mdogo wangu, monita iweke mbele yako, nyuma ya maiki ikuelekee usoni, karibu uwezavyo. Toa ngoma humo, toa gitaa, bakisha sauti yako na kidogo ya chombo unachoshikia ufunguo. Usigeuze jukwaa upepo ukakupiga mdomoni.

Mwambie mpiga ngoma atumie fimbo nyembamba. Atanuna, mwambie hivyo hivyo.

Wakati wa kujaribu vyombo, usiimbe kwa nguvu zote kisha usiku uimbe kwa nyingine. Imba kama utakavyoimba, mstari wa chini kabisa na mstari wa juu kabisa, ili fundi apange kwa hiyo.

Ziba sikio moja kwa kidole ukiwa umepotea. Waimbaji wakubwa wanafanya, hakuna aibu. Maji kunywa tangu mchana, kwa sababu yale ya jukwaani hayagusi nyuzi za sauti, yanakwenda tumboni, na mwili unachukua muda kuyafikisha. Miraa na muguka siku ya kazi acha, vinakausha mdomo.

Wimbo wako mgumu kuliko yote usiuweke wa nne. Uweke wa sita au wa saba, baada ya wimbo ambao watu wanaujua, uwaache wao waimbe kiitikio na wewe upumue. Nitumie orodha ya nyimbo zenu hapa hapa kwenye uzi, tuipange pamoja.